Ngozi ya Magda

Tukuyu, 18 Septemba 1994

Baba Magda,

Nimefika. Basi lilituharibikia Makambako tukalala kwenye viti, na asubuhi niliposhuka hapa nilitaka kulia, si kwa uchovu, ila kwa sababu huku nako kuna migomba na kahawa, na ukungu unashuka vilevile kama kwetu Kibosho. Nikainua macho kuutafuta mlima. Upo, unaitwa Rungwe, lakini hauna theluji. Nikauona kama mzee aliyesahau kofia yake nyumbani.

Chuo ni kizuri. Tulioletwa kupandishwa daraja ni walimu wa siku nyingi, wengi ni mama wenye watoto. Jioni tukikaa nje kila mmoja anamtaja wake. Mimi nimemtaja Magda mpaka mwenzangu wa chumbani, Violet, anasema akikutana naye njiani atamtambua.

Nilipoondoka alikuwa na ule ukavu kwenye mikunjo ya viwiko, na nyuma ya magoti alianza kujikuna. Umeisha? Nahisi ni sabuni ya kufulia tunayomwogeshea. Hapa tuko karibu na mpaka, akina mama wanavusha sabuni nzuri kutoka Malawi. Nimemnunulia moja, inanukia waridi. Mwogeshe hiyo.

Sikumuaga, Baba Magda. Ulisema nisimwamshe mgongoni kwa mama, nikakutii, na mpaka leo sijui kama ulisema vema. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Niandikie yote ya mtoto, mazuri na mabaya. Usinichagulie.

Mama mwambie shikamoo.

Wako,
Zita

*

Kibosho, 9 Oktoba 1994

Mama Magda,

Barua na kifurushi vimefika Jumatano. Mama aliinusa sabuni kwanza, ndipo akauliza habari zako. Sasa nyumba nzima inanukia waridi na ng'ombe anashangaa.

Magda hajambo. Anakula mtori wa ndizi vizuri, na neno jipya ni "sitaki". Vipele vinakuja na kuondoka, si vya kukukosesha usingizi. Ameoga kwa sabuni yako, ananukia kama bibi harusi.

Kumwogesha ni kazi yangu, mgongo wa mama haumruhusu kuinama. Juzi Melkior alipita kutafuta ndizi za kuiva, akanikuta nimepiga magoti mbele ya beseni. Akasimama.

"Basili, siku hizi wewe ndiye mama?"

Nikamwambia, "Shika taulo au pita."

Akashika taulo. Lakini najua habari ilifika kwenye pombe ya mbege kabla yangu.

Kahawa imeiva kwa mkupuo. Mwaka huu wanunuzi binafsi wanapanda hadi huku juu na mizani zao, na watu wa ushirika wamenuna. Tunavuna mimi na vibarua wawili, na Magda nimemtandikia gunia chini ya mgomba nimwone.

Wewe soma. Huku kuko salama.

Wako,
Basili

*

Tukuyu, 2 Novemba 1994

Baba Magda,

Nimeisoma barua yako kwa sauti chumbani, na nilipofika kwa Melkior na taulo wenzangu walicheka mpaka mlezi wa bweni akagonga mlango. Violet anauliza kama una kaka.

Nimefurahi kwamba sabuni imemfaa. Natuma nyingine tatu zimtoshe mpaka mwaka mpya.

Kuna jingine, nilitaka nikushtukize nimeshindwa kunyamaza. Nimemfumia sweta. Nilikwenda mnadani kwenye mitumba nikapata sweta kubwa la sufu, jekundu, la mtu mzima. Nikalifumua lote, nikauosha uzi, na kila baada ya kipindi cha jioni nafuma. Mikono ikiwa na kazi, kichwa hakizunguki sana. Kuna wakati nashika sindano nasema, huu ni mkono wake wa kulia, halafu nausogeza shavuni kama mwehu.

Nitampa mama mmoja anayesafiri kwenda Himo wiki ijayo. Limfikie kabla ya baridi ya huko.

Magda amekuwa mrefu? Nimelifuma kwa kukisia.

Wako,
Zita

*

Kibosho, 27 Novemba 1994

Mama Magda,

Yote yamefika, sabuni na sweta. Limemkaa vizuri, mikono ina nafasi ya kukulia. Rangi ni nzuri sana. Mama amelizungusha kwa majirani kama picha ya mtakatifu.

Nilishuka na Magda mjini kwenye kliniki ya ngozi. Usishtuke, nilitaka tu kujua. Daktari ni dada mdogo, ana sauti ya chini, ametupa muda. Anasema ni pumu ya ngozi, wengine huiita ukurutu. Haiambukizi. Si uchafu, wala si jicho la mtu. Alinieleza hivi: ngozi ya Magda ni kama ukuta wa udongo wenye nyufa. Maji ya ndani yanapotea, na vya nje vinavyochokoza vinapenya. Kwa hiyo kazi yetu ni kuziba nyufa kila siku, hata siku ambayo ukuta unaonekana mzima.

Basi sasa naogesha kwa maji ya vuguvugu, kwa muda mfupi. Simsugui, namkausha kwa kumgusagusa na taulo, na kabla ngozi haijakauka kabisa nampaka mafuta ya mgando mwili mzima. Panapokuwa pekundu napaka dawa ya tyubu kidogo, kwa siku alizonipangia. Kucha nakata fupi. Mchana akilala namvisha soksi mikononi asijikwaruze. Ameniambia pia kwamba haiponi ikaisha kama malaria. Inatulia, inarudi, na watoto wengi huachana nayo wakikua.

Sabuni usitume nyingine kwanza, zipo za kutosha.

Ndivyo tulivyo. Anacheza.

Wako,
Basili

*

Tukuyu, 15 Desemba 1994

Baba Magda,

Ahsante kwa kumpeleka. Maneno ya ukuta wa udongo nimeyaandika kwenye daftari langu la saikolojia ya mtoto, nikamwuliza mkufunzi, akasema daktari huyo anafaa kufundisha.

Krismasi sitakuja. Januari tunapelekwa vijijini kwa mazoezi ya kufundisha, na likizo ni fupi kuliko safari. Likizo ndefu ni Juni. Nimelia, nimemaliza. Usiniandikie maneno ya kunibembeleza, yataniliza tena.

Ila nifanyie hili. Mpeleke Magda kwa mpiga picha mjini, avae sweta langu, unitumie picha. Wenzangu wote wana picha kichwani kwa kitanda. Mimi nina ile ya ubatizo, alikuwa mchanga, uso kama wa mtoto yeyote. Nataka nimwone alivyo sasa, ndani ya kazi ya mikono yangu. Nitajua angalau kuna kitu changu kimemkumbatia.

Mama apokee shikamoo, na Krismasi njema.

Wako,
Zita

*

Kibosho, 22 Januari 1995

Mama Magda,

Picha ndiyo hii. Alikataa kucheka, lakini ni yeye.

Nina haraka leo. Nitaandika zaidi.

Basili

*

Tukuyu, 12 Februari 1995

Baba Magda,

Picha imefika jana. Nilikimbia nayo chooni nikajifungia, maana sikutaka mtu yeyote amwone kabla yangu.

Amekuwa mkubwa! Paji la uso ni lako. Miguu ni ya mama. Sweta limemkaa, nami nilikisia tu! Niliiweka picha ubavuni kwa kitabu nikaanza kupika uji, nikarudi kuitazama, uji ukaungua.

Leo nimeitazama tena kwa utulivu. Baba Magda, mbona amevaa soksi mikononi, nawe uliniandikia kwamba ni wakati wa kulala? Chini ya sweta naona ukosi wa shati lako jeupe, umemzungushia kama bandeji. Na macho yake. Huyo si mtoto aliyekataa kucheka. Huyo ni mtoto aliyetoka kulia.

Kuna nini?

Zita

*

Tukuyu, 5 Machi 1995

Basili,

Hujajibu. Nimeuliza posta, barua za Moshi zinafika. Wenzangu wa Marangu wanapata zao.

Kama mtoto ameumwa niambie. Kama ni wewe umeumwa niambie. Nikisimama darasani kufundisha watoto wa watu, natazama viwiko vyao.

Zita

*

Kibosho, 26 Februari 1995

Mkamwana wangu Zita,

Marahaba kwa shikamoo zako zote, zimefika hata zile ambazo mwanangu alisahau kunipa. Anayeandika ni katekista Gidioni. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kupamba.

Mtoto mzima. Naanza na hilo ili usianguke. Jana alimfukuza jogoo mpaka kwa jirani.

Lakini alilazwa. Baada ya ile picha ngozi yake ilichafuka, shingo na mikono ikatoa maji ya njano, ikafuata homa. Tukashuka naye hospitali, akakaa wodini, akapewa dawa za kumaliza vijidudu vilivyoingia kwenye michubuko. Mume wako alikaa naye. Sasa tuko nyumbani.

Basili hakuandikii kwa sababu hajui aanzie wapi. Nimemwona akikaa na kalamu mpaka chai inapoa. Nami nikaona, huyu mwanamke ataarifiwa na upepo, afadhali aarifiwe na mimi.

Sasa nisikilize, mae, mama yangu. Tangu ulipoondoka nilikuwa nikisema kwamba mtoto ambaye mama yake yuko mbali hulilia kwenye ngozi. Nilisema kanisani, nilisema kisimani. Basili alinikataza kukuandikia neno hilo. Basi kule wodini yule daktari dada akaniuliza, "Bibi, katika ukoo kuna mwenye kubanwa kifua, au mwenye ngozi kama hii?" Nikacheka. Nikamwonyesha mwanangu amesimama mlangoni na beseni. Nikasema, "Huyo. Nimemlea akijikuna mpaka alipoanza kwenda kuchunga mbuzi. Nilikuwa namfunga vitambaa mikononi." Basili akanitazama kama aliyeambiwa ameokotwa. Hakumbuki. Nami nilikuwa nimeshasahau, watoto saba ni wengi, mtu anakumbuka waliokufa zaidi ya waliojikuna.

Kwa hiyo jambo hili halikuanza wewe ulipopanda basi. Lilikuja na damu yetu. Nimekwisha waambia na wale wa kisimani.

Usije. Ukija sasa utakuja kulia, na wa kulia huku tunatosha. Wajina wangu anapakwa mafuta asubuhi na jioni, anang'aa kama ndizi iliyokaangwa. Maliza masomo.

Aika, ahsante.

Bibi yake, Magdalena

*

Tukuyu, 14 Machi 1995

Basili,

Barua ya mama imenifikia leo. Iliandikwa Februari! Wakati mimi natazama picha, mtoto wangu alikuwa wodini.

Nilikuomba nini nilipofika hapa? Nimesoma barua zako zote upya, nimezipanga kitandani. Ananukia kama bibi harusi. Limemkaa vizuri. Anacheza. Ukinificha mabaya ya mwanangu unanifanya mgeni, Basili. Mgeni ndiye anayepangiwa chumba kizuri asione jikoni.

Nilifunga sanduku asubuhi. Violet alilikalia, akasema, "Mkwe wako amekwambia usije. Wewe ni nani umpinge?" Nimelifungua, lakini nguo sijazirudisha kabatini.

Sikuulizi kwa nini aliumwa. Watoto huumwa. Nakuuliza kwa nini baada ya picha ndiyo ngozi ilichafuka, na kwa nini mama ametaja picha na hakutaja sweta. Yeye anayetaja kila kitu.

Nasubiri barua yako. Ikija nusu, nitakuja kuchukua nusu ya pili mwenyewe.

Zita

*

Kibosho, 30 Machi 1995

Zita,

Mvua imeanza, nimekaa barazani, mama amemshika Magda. Nitaandika yote.

Sabuni yako ilimwasha. Siku ya tatu tu, viwiko vilikuwa vyekundu kama vimechomwa na upupu. Nikaacha, nikakuandikia kwamba ananukia. Kliniki daktari aliniuliza tunaogesha kwa nini, nikamwambia, akasema manukato ndiyo adui, tutumie sabuni isiyo na harufu, tena kidogo, sehemu chafu tu. Sabuni zako mama anafulia kanga zake. Anayenukia waridi ni yeye.

Sweta lilipofika nilimvisha hapohapo kwa furaha. Mama akapiga vigelegele. Kabla vigelegele havijaisha, mtoto alikuwa anajisugua shingo kwenye nguzo ya mlango. Sufu inamchoma. Daktari alikuwa amesema hivyo hivyo, nguo za pamba tu kwenye ngozi, na mtoto asipate jasho. Nikalikunja nikaliweka kabatini.

Ningeandika siku hiyo. Nilikaa kuandika. Nikakuona umekaa huko na sindano, unausogeza mkono wa sweta shavuni, nikasema sitaweza kumwambia mwanamke huyu kwamba kitu anachompenda nacho mtoto ndicho kinachomuumiza. Halafu ukaomba picha.

Nilidhani nimepata akili. Nikamvisha shati langu la pamba ndani, nikakunja ukosi juu, soksi mikononi, na sweta nikalibeba mkononi mpaka studio kwa Prakash. Tulishuka na pikapu ya kahawa. Januari, unaijua Moshi. Studio ilikuwa na foleni ya watu wa kipaimara, na nikamvisha mapema tusipitwe na zamu. Tukakaa. Akaanza kulowa jasho, akaanza kujikuna, mimi namshika mikono, yeye analia, watu wanatutazama. Prakash mwenyewe alitoka nyuma ya pazia.

"Bwana, mtoto anaiva ndani ya hiyo sweta."

"Piga tu," nikamwambia. "Ni ya mama yake."

Akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Akawaomba watu wa kipaimara watupishe, akawasha feni, akapiga mara moja. Kisha yeye ndiye aliyemvua.

Nikakosea na la pili. Wiki ile kabla ya picha ngozi ilikuwa nzuri, nikaacha mafuta siku mbili ili asing'ae sana, na tyubu nilikuwa nishaacha zamani, maana jirani aliniambia dawa hizo hula ngozi. Kwa hiyo ukuta ulikuwa na nyufa zake tayari. Tuliporudi alijikuna usiku na mchana, pakachubuka, vijidudu vikaingia. Nilipoona maji ya njano nilidhani yatakauka. Nilingoja mpaka homa.

Wodini nilimwuliza daktari, "Ni mimi?" Akasema, "Ni ugonjwa wake. Wewe ndiye unayemsaidia kuubeba, na siku nyingine mzigo utaponyoka." Akanifundisha upya dawa ya tyubu: nyembamba, mahali palipowaka tu, siku alizopanga, kisha tuipumzishe. Na maji ya njano au homa ni kuja siku hiyo hiyo. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu kidogo.

Kwa nini nilikuficha. Niliogopa utarudi uache daraja lako. Na kuna jingine ambalo nililiogopa zaidi. Niliogopa kwamba nikikwambia na usirudi, nitakulaumu. Kwa hiyo sikukwambia, ili nisije nikajua mimi ni mtu wa namna gani.

Sasa yote ni hayo. Magda leo ana wekundu kidogo nyuma ya goti la kushoto. Kwingine pametulia.

Basili

*

Tukuyu, 19 Aprili 1995

Basili,

Nguo nimezirudisha kabatini.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilijiuliza, ningekuwa mimi huko na wewe ndiye unayetuma sabuni, ningekuandikia? Tangu hapo nimeacha kukasirika.

Lile sweta mpe mtoto wa Melkior, yeye ngozi yake ni ngumu kama ya baba yake. Sifumi tena sufu. Nilinunua kitambaa cha pamba, nikakata gauni la mikono mirefu, nikageuza mishono iwe nje ili isimguse. Violet anasema nimeshona nguo kinyume. Nikamwambia ndivyo tunavyovaa kwetu.

Uliogopa kunilaumu. Mimi naogopa kwamba hatanijua. Hilo nalo nilikuwa nakuficha. Kila barua nimekuuliza amekula, amekua, sijawahi kukuuliza kama ananitaja.

Nakuja Juni.

Zita

*

Tukuyu, 9 Julai 1995

Baba Magda,

Nimefika salama, basi halikuharibika. Mkono wangu bado una harufu ya mafuta yake, sijataka kuunawa vizuri.

Nataka kuyaandika ambayo nilishindwa kuyasema stendi, maana ulikuwa umembeba na ukanitazama vile.

Siku niliyofika alikuja mpaka kizingitini, akasema "Shikamoo" kwa adabu, kama ulivyomfundisha kuwasalimu wageni. Nikasema marahaba. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilikwenda nyuma kwenye kihamba nikashika mgomba kwa mikono miwili.

Jioni nilipochukua mafuta akaficha mikono nyuma. "Baba apake." Kesho yake, "Baba apake." Nikakuona unavyompaka, kuanzia shingoni kushuka, kwa upande vinywele vinapolalia, bila kusugua, unamwimbia ule wimbo wa kupura maharage ambao maneno yake huyajui. Baba Magda, nilikuonea wivu. Niliwaza, huyu mwanamume amenichukulia mwanangu. Naandika hivi ili ujue nami ni mtu wa namna gani.

Halafu ile siku uliyosema unakwenda kupogoa kahawa saa ya kuoga. Najua kahawa haikukuhitaji saa ile. Mama naye akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kumwona. Tukabaki wawili na beseni. Alilia, akakuita, akakaa chini uchi kabisa, mgongo kanipa. Sikumshika. Nilichovya kidole kwenye mkebe nikajipaka mwenyewe kiwikoni, kama mjinga tu, sijui la kufanya. Akageuka. Akatazama. Akaja, akanikamata kidole, akakichovya tena, akakipeleka shingoni kwake.

"Hapa."

Nikapaka.

"Na hapa." Kiwiko. "Na hapa." Nyuma ya goti. Alinizungusha mwili mzima, hakuacha hata kidole cha mguu. Alipomaliza akasema, "Mama amejua."

Sijawahi kupasi mtihani kama huo. Nilisikia kwenye migomba mtu anapenga kamasi, nikajua umepogoa vya kutosha.

Niandikie.

Mama Magda

*

Kibosho, 28 Julai 1995

Mama Magda,

Leo ni siku mbaya, na nakuandikia leo leo.

Ameamka na uso umewaka, kope zimevimba kidogo, na shingoni amejikuna mpaka damu. Sijui ni nini. Sijabadilisha kitu. Mafuta hayajakosa hata siku moja, nguo ni zako za mishono ya nje, kucha ni fupi. Baridi ya Julai imekuja na hewa kavu, huenda ni hiyo. Mama anasema ni vumbi la mahindi tuliyopukuchua jana sebuleni. Inawezekana ni yote, inawezekana si lolote kati ya hayo. Nimekasirika, nimepiga teke ndoo, Magda akasema "Baba, sitaki," nikaiokota.

Nimempaka dawa ya tyubu nyembamba shingoni na viwikoni. Usoni sijapaka, sikuambiwa. Nimemfunga kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji ya vuguvugu mahali panapowasha sana, kinampoza. Maji ya njano hakuna, homa hakuna, nimemgusa mara nyingi hata amechoka kuguswa. Kesho nikiona lolote kati ya hayo, au kope zisipopungua, nashuka naye kliniki. Hata yasipoonekana nitashuka Jumatatu nikaulizie dawa ya usoni.

Nimeacha kuandika kidogo, alikuwa anajikuna. Nimempaka. Naendelea.

Naogopa, Zita. Nikimwona hivi narudi kule wodini. Mchana wote nimekuwa nikijiambia ningoje atulie ndipo nikuandikie barua nzuri. Kalamu ilikuwa tayari imeandika "Magda hajambo". Nikaichana ile karatasi.

Najua barua itakufikia baada ya majuma mawili. Wakati unaisoma atakuwa ametulia, au ametulia na kuanza tena. Huwezi kunisaidia lolote kuhusu siku ya leo, na sikuandikii unisaidie. Sasa hivi yuko mapajani kwa mama, anatazama ukungu, mikono imetulia. Nami niko hapa pembeni na mkebe wa mafuta.

Nimeona tu, siku kama hii, tuwe wawili.

Basili